Chumba cha Nne

Mama alipofariki, hatukuwa hata tumetoka kwenye lango la mochari pale Thika kabla Senje, dada yake Baba, hajauliza, "Na historia ya marehemu ataandika nani?" Wote wakanigeukia mimi. "Si wewe ndiye uliyesoma?" Nikakubali, maana siku kama hizo mtu hukubali kila kitu. Kompyuta yangu ilikuwa kwa fundi, kwa hiyo jirani yangu wa hapa Ngoingwa akaniazima laptop yake kuukuu. "Usiangalie uzee wake," akaniambia. "Nimeiwekea mfumo mwepesi, inakimbia." Nikaiweka mezani, nikaiwasha, na pale chini kabisa ya skrini nikaona miraba minne midogo imejipanga. Jamani! Nilikuwa sijaiona miraba ile tangu nikiwa na miaka tisa, na nilikuwa na sababu ya kutotaka kuiona.

Wenzangu mliokulia Landless, huko Thika, mtakumbuka king'ora cha kiwanda cha nguo. Tuliamka nacho, tukala nacho, na Mama alijua kwa hicho saa ya kuinjika maji ya ugali. Halafu asubuhi moja hakikulia. Baba alikuwa karani wa stoo mle ndani, na Mama aliuza mitumba sokoni, basi Baba akawa anamtania kwamba yeye ndiye aliyefunga kiwanda. "Wazungu wanavua, mke wangu anauza, mimi naachishwa kazi," alisema. Siku za kwanza Mama alicheka. Baadaye utani ule ukaacha kuchekesha, lakini Baba aliendelea nao tu.

Ofisi za kiwanda zilipokuwa zikiondolewa vitu, Baba alirudi nyumbani nyuma ya mkokoteni uliobeba kompyuta na printa yake, vitu ambavyo wakubwa walikuwa wamekataa hata kuvigusa. Akapata kijumba Ruiru, nyuma ya soko, katikati ya duka la fotokopi na cherehani ya Mama Wairimu. Akaandika mlangoni kwa rangi nyeusi: TUNAPIGA CHAPA. Likizo ikifika nilikwenda naye kila siku. Mpaka leo nikisikia harufu ya vumbi linalochomwa na umeme, pamoja na ile ya wino wa utepe wa printa, namwona Baba amevaa ile sweta yake ya kahawia, amepinda mgongo, anapiga herufi kwa vidole viwili.

Lakini mashine yenyewe ilikuwa balaa. Programu za siku zile ziliilemea. Ukiandika sentensi, unangoja, unakunywa chai, ndipo herufi zinatokea. Wateja walichoka. Aliyetuokoa alikuwa Kamande, kijana aliyekuwa akisoma chuo kikuu Juja na aliyekuja kupigiwa chapa barua yake ya kutafuta kazi. Alingoja barua yake mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Mzee, hii mashine haina makosa," akasema. "Makosa ni mzigo unaoibebesha."

Siku ya pili akaja na disketi nyingi ndani ya karatasi ya mkate. Alikaa hapo kutwa nzima, akiingiza moja na kutoa nyingine. Akatuambia mfumo wenyewe unaitwa Linux, na kile tunachokiona juu yake, rangi, madirisha na vitufe, kinaitwa XFCE. Baba alizisoma zile herufi nne moja moja.

"Na ni ya nani?" akauliza.

"Ni ya kila mtu. Watu wameiandika wakaiacha wazi. Unachukua, unatengeneza unavyotaka, unampa mwenzako."

"Bure?"

"Bure kabisa, mzee."

Mama alipoelezwa jioni alisonya. "Rahisi huvunja upishi," akasema, akaendelea kukunja nguo zake. Lakini haikuvunja kitu. Mashine ile ilifufuka. Chini ya skrini palikuwa na ubao mnene wa kijivu, una saa yake na vijidroo unavyovuta, na katikati vitufe vinne vimeandikwa One, Two, Three, Four. Ukibonyeza kimoja, kazi yote iliyokuwa mbele yako inapotea, unapata meza nyingine safi. Ukirudi, unaikuta ya kwanza ilivyokuwa, hakuna kilichoguswa.

Baba alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Sisi watatu tuliishi chumba kimoja Landless, kimegawanywa kwa pazia, kitanda huku, jiko huku. "Umeona?" akaniambia. "Sasa tuna nyumba ya vyumba vinne!" Akavipanga. Cha kwanza kilikuwa cha barua za watu. Cha pili, mitihani ya shule. Cha tatu, matanga. Akabonyeza cha nne, kikafunguka kitupu.

"Hiki ni chako, Karani."

Aliniita Karani kwa sababu nilipenda kukaa kwenye kiti chake. Humo ndani niliandika hadithi zangu, na orodha ya watoto wa darasa letu niliowachukia, ikiwa na sababu. Sharti lake lilikuwa moja tu. Stima ya Ruiru ilikuwa ikipotea kama mgeni asiyeaga, kwa hiyo kila baada ya dakika chache aliniuliza, hata akiwa na mteja, "Karani, umehifadhi?" Nami najibu, "Nimehifadhi, Baba." Alisema kazi isiyohifadhiwa ni sawa na kazi isiyofanywa.

Chumba kilichokuwa na kazi nyingi kilikuwa cha tatu. Miaka ile watu walikufa, jamani. Alhamisi watu walipanga foleni hadi kwa Mama Wairimu, kila mmoja na karatasi yake ya mkono, watu wazikwe Jumamosi. Mnaijua ile karatasi inayosomwa kaburini: marehemu alizaliwa, marehemu alisoma, marehemu alifanya kazi, marehemu aliugua kwa muda mfupi, marehemu ameacha. Maneno yale niliyajua kwa moyo kuliko sala. Wote waliugua kwa muda mfupi, hata wale tuliowaona wakikonda mwaka mzima wakipita na fimbo. Nilimuuliza Baba kwa nini. "Ndivyo inavyoandikwa," akasema.

Sasa nieleze kosa langu, na nawaomba mnihurumie kidogo kwa sababu nilikuwa mtoto. Alikuja mzee mmoja, Mzee Ndung'u, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, kuandikisha historia ya ndugu yake Karanja. Baba siku hiyo alikuwa na kikohozi kilichomtoa machozi. Printa ikalia krrr, krrr, karatasi ikatoka, mzee akavaa miwani yake.

"Ngai fafa!" akapiga kelele. "Bwana, unanizika na asubuhi nimekunywa chai?"

Baba alikuwa ameandika pale juu Ndung'u badala ya Karanja. Tulicheka! Mama Wairimu aliacha cherehani akaja kucheka na sisi. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akashika mlango, akamwambia Baba amtunzie hiyo karatasi, itamfaa siku moja. Baba akarekebisha jina, mambo yakaisha.

Hata miezi mitatu haikuisha. Akaja kijana wa yule mzee na karatasi ya mkono, akaiweka mezani, na jina lilikuwa la Mzee Ndung'u. "Ni presha," akasema. Baba akafungua chumba cha tatu akaanza kuandika. Watu wazima waliona ni bahati mbaya. Mimi niliona mashine. Nilijua sasa kwamba jina likishaingia mle likiwa na neno marehemu mbele yake, hata ukilifuta kwa kuchelewa, linabaki linakusubiri. Nikaingia chumba changu nikafuta jina langu kwenye kila hadithi. Nikafuta hata majina ya wale watoto niliowachukia, maana kuwachukia ni jambo moja na kuwaua ni lingine.

Baba naye alikuwa anakonda. Alitoboa mkanda wake kwa msumari, tundu la kwanza, la pili, la tatu. Nyuma ya duka, nyuma ya pazia, aliweka benchi, akawa anajinyoosha hapo baina ya mteja na mteja. Watu walipunguza sauti wakipita mlangoni. Nilisikia mama mmoja akimwambia Mama Wairimu, "Hata huyu?" Mama Wairimu akamjibu, "Nyamaza, mtoto yuko."

Asubuhi moja ya likizo Baba aliniambia, "Karani, leo niazime chumba chako." Nikaona sifa. Nikakaa nje kwa Mama Wairimu nikiokota vipande vya kitambaa, na kila nikichungulia namwona anaandika polepole, anafuta, anaandika. Mteja akiingia anarukia chumba cha kwanza, mteja akitoka anarudi. Hakuwahi kufanya kazi moja muda mrefu hivyo. Karibu na saa saba kikohozi kikamshika, akaenda kujilaza nyuma ya pazia.

Nikakalia kiti chake. Kilikuwa bado na joto. Nikabonyeza cha nne.

HISTORIA YA MAREHEMU YOHANA AMBOKA.

Nilisoma jina la Baba mara tatu. Nikateremsha ukurasa, nasoma mstari huu naruka ule, kwamba alizaliwa Vihiga, mtoto wa tatu, kwamba alikuwa karani. Nikafika mahali pameandikwa, marehemu aliugua kwa muda mrefu. Mrefu! Sikuwahi kuliona neno hilo mahali pale. Halafu mstari uliofuata: Ameacha mke mmoja, na binti mmoja ambaye.

Hapo nikasimama. Maneno yaliendelea, mistari kadhaa, niliyaona kwa pembeni ya jicho, lakini sikuthubutu. Binti mmoja nilikuwa mimi. Niliona nami naingizwa, na kwamba nikilisoma neno moja zaidi nitakuwa nimekubali. Nikashika kipanya, nikaburuta kutoka juu hadi chini, maandishi yote yakafunikwa na rangi nyeusi, nikabonyeza kitufe cha kufuta. Ukurasa ukabaki mweupe. Na kwa sababu nilikuwa nimefundishwa vizuri, nikahifadhi.

Kutoka nyuma ya pazia akaita, sauti imekwaruza. "Karani, umehifadhi?"

"Nimehifadhi, Baba."

"Vizuri," akasema.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemezana katika duka lile. Alipojaribu kuinuka hakuweza. Mama Wairimu na jamaa wa fotokopi walimbeba hadi barabarani, na nakumbuka yule jamaa akisema kwa mshangao, "Ni mwepesi hivi?" Wakampeleka hospitali Thika. Mimi sikulia. Watu walidhani nimepigwa na bumbuwazi, kumbe nilikuwa nimetulia kwa sababu nilijua siri: jina limeshatolewa, na mara hii halikucheleweshwa hata saa moja. Nilimwambia hata pale wodini, nimepanda juu ya chuma cha kitanda chake. "Utapona, Baba. Nimeshamaliza hiyo maneno." Akacheka kidogo bila kuuliza maneno gani.

Siku ya tisa akafa.

Kabla ya safari ya kumpeleka nyumbani, Mama alitupeleka dukani Ruiru, mimi na Baba Mkubwa aliyekuwa amefika kutoka Vihiga. "Aliniambia ameandika yake mwenyewe," Mama alimweleza. "Alisema iko chumba cha nne, Karani anajua." Baba Mkubwa hakupenda. Kwao mtu aliye hai haandiki mambo ya kifo chake; huko ni kukiita. Lakini neno la marehemu ni neno la marehemu. Stima ilikuwepo. Nikawasha, nikabonyeza cha nne, nikalifungua faili mbele yao. Ukurasa mweupe, na kale kamstari kanawaka na kuzima pale juu.

"Hakuna kitu," nikasema.

"Ndiyo haya mambo ya bure," Baba Mkubwa akasema. Akaitwa Kamande aje aangalie. Kamande alitafuta, akafungua hapa akafunga pale, akatikisa kichwa. "Mashine haijapoteza kitu," akasema. "Faili ipo. Ni kwamba ilihifadhiwa ikiwa tupu." Aliniangalia, au nilidhani ananiangalia. Mama alishusha pumzi ndefu, akakaa kwenye benchi la Baba. Na Baba Mkubwa akatoa hukumu ambayo familia nzima imeirudia mpaka leo: ugonjwa ulikuwa umempanda kichwani, maskini, akawa anaandika hewa.

Baba yangu, mtu aliyehifadhi kila neno la kila mtu, akaitwa mwenda wazimu kwa sababu ya mkono wangu, nami nikanyamaza. Nilikuwa na hofu yangu pia, kwamba amekufa kwa sababu nilisoma kabla ya kufuta. Ningefuta bila kusoma, angepona. Hofu hiyo iliisha nilipokua. Aibu ya kunyamaza haikuisha.

Kaburini ilisomwa karatasi ya Baba Mkubwa. Ilisema marehemu aliugua kwa muda mfupi. Ilisema ameacha mjane na mtoto, nukta.

Mama nilimwambia mwaka jana tu, na ni kwa sababu niliona siku zake zinapungua. Tulikuwa nyuma ya nyumba, anachambua maharagwe kwenye ungo.

"Mama, ile siku ya Ruiru. Ni mimi niliyefuta."

Vidole vyake vikasimama. "Wewe?"

"Nilidhani nikifuta hatakufa."

Akatuliza ungo magotini. "Mimi nilimshukuru Mungu siku hiyo," akasema. "Nilikuwa naogopa ameutaja ule ugonjwa kwa jina, na watu wote wa kwao wamesimama pale wananiangalia. Nilipoona hakuna kitu nikashusha pumzi. Miaka yote hii namwomba msamaha kwa ile pumzi."

"Hakuutaja, Mama. Aliandika tu aliugua kwa muda mrefu."

"Kumbe ulisoma?"

Nikamwambia nilipofika. Mke mmoja, na binti mmoja ambaye.

"Ambaye nini?"

"Sikufika."

Akarudi kwenye maharagwe yake. Aliokota jiwe, akalitupa kando, akaokota lingine. "Aki mwanangu," akasema, bila hasira hata kidogo. "Ungengoja mstari mmoja tu."

Basi pale mezani kwangu palikuwa na laptop ya jirani, na ile miraba minne. Siku hizi vitufe havijaandikwa One wala Two, ni vimraba tu, na pembeni kuna kapicha ka panya. Nikabonyeza cha mwisho. Nikaandika kwamba Mama alizaliwa, kwamba aliuza nguo soko la Thika, kwamba aliugua kwa muda mrefu. Niliandika pia, kwa sababu watu wale wale wa kwao Baba wangekuwepo, kwamba mume wake alikuwa na akili timamu hadi siku yake ya mwisho, na kwamba aliandika historia yake mwenyewe na mtoto wake akaifuta. Halafu nikaandika, Ameacha binti mmoja ambaye.

Nilijaribu. Niliweka alimpenda, nikalitoa. Niliweka alimuuguza, nikalitoa. Kila neno nililoliweka lilikuwa langu, na mimi nilikuwa nataka la Baba. Senje akapiga simu. "Bado hujamaliza? Mtu wa kuchapisha anangoja!" Nikamwambia nimemaliza. Nikahifadhi.

Tulimzika Vihiga kando ya Baba. Mchungaji alisoma vizuri, kwa sauti kubwa. Alipofika pale palipoandikwa akili timamu, Baba Mkubwa, ambaye sasa anatembea kwa kushikwa mkono, aliinua uso akanitazama, na mimi nikamtazama. Mchungaji akaendelea, ameacha binti mmoja ambaye. Akaigeuza karatasi kutafuta yaliyobaki. Nyuma palikuwa peupe. Akaigeuza tena, akanitafuta kwa macho katikati ya watu.

"Ni hapo tu, Mchungaji," nikamwambia. "Yaliyobaki anayo Baba."